Modeli Tatu na Nyumba Zilizofagiliwa

Ninyi vijana mnaokaa na kompyuta mapajani mkichora mistari ya miaka hamsini ijayo, ziwekeni chini kidogo. Mimi ni Adventina, mzaliwa wa Kamachumu, mstaafu. Kazi mnayoifanya niliianza wakati kompyuta moja ilihitaji wanaume wawili wa kuibeba na mmoja wa kuwafokea. Ninyi mmeipa jina zuri, kuoanisha modeli za nishati na tabianchi. Sisi tulikuwa na swali tu: kuni za Bukoba na Muleba zitatosha mpaka lini, na mvua zikiendelea kubadilika itakuwaje? Swali lenu ni lile lile, mmelivalisha tai.

Kompyuta yetu ilikuja kwa meli kutoka Mwanza, ndani ya sanduku lililoandikwa upande gani ukae juu. Wapagazi wa bandarini waliligeuza kichwa chini, maana ndivyo lilivyokaa vizuri begani. Tukaipeleka kwenye chumba cha nyuma cha duka la Bwana Jivan, Mhindi aliyeuza vitambaa na sabuni, mmoja wa wachache wa jamii yake waliokuwa wamebaki mjini. Tulipanga kwake kwa sababu alikuwa na jenereta, na umeme wa wakati ule ulikuwa kama mgeni, hukujua umekuja kukaa au unapita tu. Mkewe akaifumia kompyuta kitambaa cha maua, kama zilivyofunikwa redio zote za mji. Kila asubuhi Bwana Jivan alichungulia mlangoni na kuniuliza, "Adventina, hii redio yenu itaimba lini?"

Msimu wa kwanza wa senene, wale panzi wa kijani tunaowakaanga, tulikuta feni ya kompyuta imenyamaza na sanduku zima limechemka. Henrik, mtaalamu aliyeletwa na mradi kutoka Ulaya, alifungua mfuniko kwa bisibisi. Ndani walijaa senene. Dirisha lilikuwa limesahauliwa wazi na taa ikabaki inawaka, na aliyesahau sitamtaja, ila ndiye anayeandika haya. Henrik aliona balaa, mimi niliona kitoweo. Tuliwatoa mmoja mmoja, na waliokuwa wazima wakaishia kwenye kikaango changu. Siku ya pili Henrik mwenyewe aliomba bakuli.

Mtu wa tatu katika kazi ile alikuwa bwana misitu wetu, Ta Projestus. Ta ni baba, ndivyo sisi Wahaya tunavyomheshimu mwanamume mzima. Kompyuta hakuigusa hata siku moja, alisema vidole vyake ni vya panga. Lakini vilima vya Muleba alivijua kwa miguu, na alitembea na mizani ya kahawa ya kuning'iniza, ile yenye ndoano, akipima mizigo ya kuni nyumba kwa nyumba. Yote ninayoyajua kuhusu modeli nilifundishwa na huyo asiyejua kuiwasha.

Modeli zilikuwa tatu. Ya kwanza ilikuwa ya miti. Unaipa mvua na ukubwa wa mashamba ya miti, nayo inakwambia kuni zitakazoota. Ya pili ilikuwa ya jiko. Unaipa idadi ya nyumba na watu, inakwambia kuni zitakazoungua. Ya tatu ilikuwa ya mvua, Henrik alikuja nayo kwenye diski, na hiyo ilipenda sana kusema haina uhakika. Kila moja ilitengenezwa na watu wengine mahali pengine, na hakuna iliyojua kwamba nyingine zipo. Kazi yangu ilikuwa kuchukua jibu la hii na kulilisha ile, mwaka baada ya mwaka, kwa kuandika kwanza kwenye karatasi kisha kuchapa, maana zenyewe hazikujua kupeana mkono.

"Hii ni posa," Ta Projestus alisema siku nilipomweleza. "Huwezi kuwaoza watu kabla hujauliza habari za koo zao."

Akavuta kiti, akaweka kofia gotini, akaanza kuihoji kompyuta kama mshenga. Huyu wa miti anapima kuni mbichi au kavu? Huyu wa jiko je? Mwaka wake unaanza Januari, au unaanza mvua zinaporudi? Mzigo wake ni wa mama au wa binti? Henrik alicheka mwanzoni. Kisha akapekua vitabu vyake, na kicheko kikaisha. Modeli ya miti ilikuwa inatoa kuni mbichi, na ya jiko inachoma kavu. Kwa miezi mitatu tulikuwa tunachoma maji. Basi shikeni hilo kabla ya jingine lolote: modeli mbili zikikubaliana haraka mno, ulizeni vipimo. Mimi hadi leo nikiona vijana wameunganisha vitu viwili kwa siku moja na wanapongezana, mkono unaniwasha.

Jingine alinifundisha kwa miguu. Ramani tuliyompa Henrik ilikuwa ya kabla ya vita vya mpakani kwetu, na ilionyesha msitu mzuri wa kijani kaskazini mwa mji. Ta Projestus akatupeleka. Tulitembea nusu siku, tukafika, tukakuta nyasi na mbuzi wawili.

"Msitu uko wapi?" Henrik akauliza.

"Uliliwa na vita," Ta Projestus akamjibu. "Wanajeshi walikaa hapa miezi. Ulidhani walikuwa wanapika kwa bunduki?"

Alicheka, lakini alivua kofia akasimama pale kidogo, kwa sababu ile miti aliipanda yeye akiwa kijana. Tuliporudi nilifuta msitu ule kwenye modeli, na toka hapo sijaamini ramani ambayo hakuna aliyeikanyaga.

Na Goziba nako. Modeli ya jiko ilisema kisiwani hakuchomwi kuni, kwa kuwa wavuvi wa makambini hawakuwa na nyumba kwenye orodha yetu. Nilipanda boti na mizani. Nilitapika tangu Muleba tulipoondoka mpaka tulipofika, na wakati nimejilaza kwenye mchanga nikiomba Mungu anichukue, wavuvi walichukua mizani yangu wakapimia sangara, wakanisifu kwamba nimeleta kifaa cha maana. Nilipopata nguvu nikaona marundo ya kuni ya kukaushia samaki, yote yameletwa kwa boti kutoka nchi kavu. Miti ilikatwa upande mmoja, ikaungua upande mwingine, na modeli zote mbili hazikuwa na habari. Tuliongeza mstari mmoja, tukauita boti. Ndiyo kuoanisha kwenyewe huko: kutafuta boti ambayo hakuna aliyeihesabu.

Sasa nije kwenye kosa langu, maana kama nisipolisema mtadhani nilizaliwa na hekima.

Baada ya miaka ya kuhangaika, modeli tatu zilikubali kukaa nyumba moja. Henrik akaziendesha, na mashine ya kuchapa ikapiga kelele asubuhi nzima. Mstari wa miti ulikwenda chini ya mstari wa jiko kabla watoto wa darasa la kwanza hawajamaliza la saba. Yaani kuni zingekwisha. Watu wa wilaya walipoona karatasi ile waliogopa, na mtu mwenye madaraka akiogopa hutafuta kitu cha kufunga. Wakapendekeza shamba la miti lililo juu ya Kamachumu lifungwe, asiingie mtu, hata wa kuokota matawi makavu. Mkutano wa kuamua ukapangwa Alhamisi ya wiki iliyofuata. Mimi nikatumwa nikapime mizigo michache ya mwisho, ili tuwe na la kusema.

Nyumba ya mwisho ilikuwa ya Ma Kokuteta, mjane aliyeishi chini kabisa ya shamba lile la miti. Nilimkuta ameinjika chungu ambacho ningeweza kuogea ndani yake, ndizi na maharage, na wajukuu tisa wamezunguka wakimenya, wakibishana, wakipigana viwiko. Nikapima mzigo wake, nikaandika. Halafu nikamwuliza kuhusu nyumba tatu za jirani, ambazo nilikuwa nimezikuta zimefungwa kila nilipopita.

"Ma, wenye nyumba zile wanarudi saa ngapi kutoka shambani? Nimewakosa mara zote."

Akaacha kukoroga. "Hao hawarudi, mwanangu. Walikuwa wanangu." Akaonyesha watoto kwa mwiko. "Hawa ndio waliobaki."

Nikageuka kuzitazama tena zile nyumba. "Lakini viwanja vimefagiliwa. Migomba imetandaziwa nyasi."

"Nafagia mimi, kila siku. Ulitaka wanangu walale kwenye takataka?"

Ninyi mliozaliwa juzi, lazima niwaeleze miaka ile. Ilikuwa miaka ya misiba. Vita vilipokwisha ukaja UKIMWI, na mwanzoni hatukuuita kwa jina lake, tulisema tu fulani anaumwa. Ulichukua vijana wenye nguvu ukawaacha wazee na watoto. Sisi huzika kibanjani, kati ya migomba, karibu na nyumba. Kwa hiyo ukifika nyumba imefungwa na uwanja ni safi, mtu mwenye adabu haulizi wenyewe wako wapi, wala hapiti kuchungulia kwenye migomba. Unageuka, unakwenda zako. Na fomu yetu ilikuwa na agizo: nyumba iliyofungwa, andika wastani wa majirani. Agizo hilo liliandikwa kwa ajili ya watu waliokwenda sokoni. Mimi kwa adabu zangu nzuri za Kamachumu nililitumia kwa watu waliokwenda moja kwa moja. Kwenye kompyuta yetu marehemu walikuwa wanapika asubuhi na jioni, na watoto wao wanakula huko, kisha wanakula tena kwa bibi.

"Mbona hukuniuliza siku ya kwanza?" Ma Kokuteta akasema. "Ningekwambia."

"Niliona si adabu, Ma."

"Haya waitu, ndugu yangu. Na nasikia mnataka kunifungia kuni. Hiyo ndiyo adabu?"

 Akanipakulia sahani, nikala kwa aibu, na chakula kilikuwa kitamu mno, jambo lililozidisha aibu.

Nilirudi Bukoba nikatoa mafaili yote, nikamwita Ta Projestus, tukazipitia nyumba zilizofungwa moja baada ya moja. Yeye alizijua nyingi. Alikuwa akisema jina, kisha anatikisa kichwa au anasema, "Huyu yupo, amekwenda Goziba." Zilizokuwa tupu kweli zilikuwa nyingi kuliko nilivyotegemea. Tulipofika kwenye karatasi za Buhembe, upande ninaokaa mimi, aligeuza moja, akaisoma, akaniangalia, akaisogeza mbele yangu.

Ilikuwa nyumba ya kaka yangu Deusi. Mwandiko ulikuwa wangu. Deusi na mkewe walikuwa wamefariki, na watoto wao wawili walikuwa wanaishi kwangu, mitaa miwili tu kutoka pale. Kila Jumamosi nilikwenda kufagia uwanja wake. Na kwenye fomu nilikuwa nimeandika wastani. Kwa nyumba za watu wengine ningeweza kusema sikujua. Kwa ile nilijua. Nilishindwa tu kuandika sifuri mbele ya jina lake, kalamu ilikataa.

"Nyumba moja haiharibu modeli," nikamwambia Ta Projestus.

"Haiharibu," akasema. "Modeli haiharibu." Akavaa kofia yake, akatoka.

Asubuhi nilimweleza Henrik habari za nyumba tupu. Nilitegemea atanifukuza. Alishika kichwa, akauliza, "Kwa nini hukuuliza wako wapi? Mimi ningeuliza tu." Nikamwambia ndiyo maana yeye hukaribishwa chai mara moja na hakaribishwi tena. Tulicheka kidogo, kisha tukafanya kazi siku mbili. Tulifuta nyumba tupu, tukahamishia watoto kwenye majiko ya bibi zao, tukaziacha modeli tatu zizungumze upya. Mstari wa miti bado ulishuka, sitawadanganya, ila ulishuka taratibu, na ulituonyesha kitu kingine. Majiko ya mabibi, yenye chungu kimoja kikubwa, yalitumia kuni kidogo kwa kila mtoto kuliko jiko lolote. Waliomaliza miti walikuwa wenye tanuri za matofali na wakataji wa miti mibichi. Kumfungia Ma Kokuteta matawi makavu kusingeokoa hata mti mmoja.

Nyumba ya Deusi niliiacha na wastani wake.

Alhamisi ukumbi ulijaa. Ma Kokuteta alikuja na wenzake, wakakaa mbele, kanga zimefungwa kama watu waliokuja kesi. Nilisimama nikaeleza kosa langu kwa Kiswahili cha ofisini, kisha nikarudia kwa Kihaya ili wale wa mbele wasikie vizuri zaidi. Wengine walicheka niliposema marehemu walikuwa wanapika. Kilikuwa kicheko kizuri, cha watu waliozika sana na hawajapata nafasi ya kucheka. Mwenyekiti wa mkutano hakucheka.

"Juzi ulituambia kuni zinakwisha," akasema. "Leo unasema zimebaki. Kesho utasema nini? Tunajuaje hakuna nyumba nyingine tupu mliyoisahau humo?"

Henrik alifungua mdomo kusema tumehakiki zote. Nikaona mambo mawili kwa wakati mmoja. Nikinyamaza, karatasi yetu ingepita na Ma Kokuteta angepata kuni zake. Lakini ingepita ikiwa na uongo wangu ndani, na siku mtu wa Buhembe angeukuta, wangeitupa karatasi yote na kuni zingefungwa tena, safari hii bila mkutano.

"Ipo moja," nikasema. "Haijasahauliwa. Ni ya kaka yangu. Niliandika anapika kwa sababu sikuweza kuandika kwamba hapiki. Leo jioni nitaifuta. Haitabadilisha mstari, lakini mmeuliza."

 Nilitamani ardhi inimeze. Aliyesema wa kwanza alikuwa Ma Kokuteta, na hakunyanyuka hata kitini.

"Mwenyekiti, huyu mwandishi anasema kweli. Mtu akikutajia msiba wake mwenyewe mbele ya watu, unataka ushahidi gani tena?"

Mwenyekiti alitazama karatasi, akawatazama wale mabibi, akapangusa miwani kwa muda mrefu kuliko miwani ilivyohitaji. Kabla ya saa saba waliamua: kukata mti mbichi kwa kibali, wenye tanuri za matofali wapande miti yao wenyewe, matawi makavu ni ya anayeokota. Ma Kokuteta alinipitia mlangoni. "Siku nyingine uliza," akasema, akanishika shavu kama mtoto.

Nilikwenda moja kwa moja kwa Bwana Jivan. Nikaondoa kile kitambaa cha maua, nikawasha, nikatafuta mstari wa Deusi, nikaandika sifuri. Mstari wa miti haukusogea hata unywele. Mimi ndiye niliyesogea. Nililia mpaka Bwana Jivan akaleta chai bila kuuliza kitu, na kwa mara ya kwanza hakusema lolote kuhusu redio.

Jumamosi iliyofuata nilipokwenda kufagia niliona ule uwanja kwa jicho jingine. Nilikuwa nimeufagia mwaka mzima ili nisikubali kwamba Deusi hayupo. Nikazungumza na watoto, wakakubali, na mwezi uliofuata mwalimu mmoja aliyekuwa anatafuta mahali akahamia na mkewe na watoto watatu, wakae, walinde paa na kibanja mpaka wenyewe wakue. Jioni ya kwanza moshi ukatoka jikoni kwa Deusi. Nilisimama njiani nikautazama, nikawaita watoto wake wawili waje waone, wasiitike. Walikuwa wameshaingia ndani, wanasaidia kumenya ndizi na kusubiri kuonja.

Jumatatu asubuhi nikafungua kompyuta, nikafuta sifuri, nikaandika watu watano.